Hatuhitaji dini kuwa sawa ili tuketi mkeka mmoja

Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilikwenda sambamba. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, mwezi wa Ramadhani ukaandama siku hizohizo, na kuanzia Mikindani hadi Masasi, Lindi mjini hadi Nachingwea, majirani wa dini mbili wakafunga kwa wakati mmoja. Futari za pamoja si jambo geni hapa Kusini mwa Tanzania, mikoa ya Lindi na Mtwara, lakini safari hii zimepewa maana ambayo hazikuwa nayo. Kwenye vipaza sauti na kwenye makundi ya simu kauli imekuwa moja: Mungu mwenyewe ametuonyesha kwamba dini zote ni sawa. Nazipenda futari hizo na nitaendelea kwenda kila nikialikwa. Kauli hiyo naipinga. Dini hazisemi jambo moja, haziwezi zote kuwa za kweli kwa kiwango kimoja, na amani ya mikoa hii haijawahi kutegemea watu kudhani kwamba zinasema jambo moja. Anayetaka kuilinda amani hiyo kwa dhana ya usawa anailinda kwa kitu ambacho hakikuileta.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo iliyozua maneno. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka ukiitazama kwa kalenda ya ukutani. Kwaresima imefungwa kwenye Pasaka, na Pasaka haitoki nje ya 22 Machi na 25 Aprili. Ramadhani inauzunguka mwaka mzima kwa takriban miaka 33, na kila inapopita Februari na Machi inakutana na Kwaresima kwa miaka michache, kisha zinaachana. Mwaka 2027 zinaanza tena karibu siku moja. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kwisha kabla Kwaresima haijaanza. Kama kukutana kwa saumu ni ushahidi kwamba dini ni sawa, tutasema nini mwaka huo?

Tena tuna kumbukumbu ya mzunguko uliopita. Mwaka 1993 Jumatano ya Majivu ilikuwa 24 Februari, na Ramadhani ilikuwa imetangulia siku moja au mbili tu. Aprili ya mwaka huohuo mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kubomolewa Dar es Salaam, na nchi nzima ikashtuka. Watu walikuwa wamefunga pamoja wiki chache nyuma. Saumu zilizokutana hazikuzuia lolote, kwa sababu kilichokosekana hakikuwa kufanana. Walikosa namna ya kuishi na tofauti ambayo kila mtu aliijua.

Tofauti yenyewe tuitazame bila kuionea haya. Chukua jambo moja tu, mwisho wa Nabii Isa, ambaye Wakristo wanamwita Yesu. Qurani, sura ya nne aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho sura ya 15, anasema kama Kristo hakufufuka basi mahubiri ni bure na imani ni bure, na hakuna kufufuka bila kufa. Ama alisulubiwa, ama hakusulubiwa. Mimi ni Mwislamu na naamini hakusulubiwa. Mjomba wangu wa Masasi ni Mwanglikana, na Ijumaa Kuu hutoka kanisani macho yakiwa mekundu, kwa sababu anaamini alisulubiwa kwa ajili yake. Mtu akija kutuambia kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba tuliache kwa kuwa sote tunamwabudu Mungu mmoja, hajamheshimu mjomba wala hajaniheshimu mimi. Amechukua kile ambacho kila mmoja wetu yuko tayari kufa nacho, akakifanya kitu cha pembeni.

Watetezi wa usawa hupenda kumtaja Papa Francis, ambaye Septemba 2024, akiwa Singapore, aliwaambia vijana kwamba dini ni kama lugha mbalimbali za kumfikia Mungu. Hutaja pia Hati ya Udugu wa Binadamu aliyoitia saini Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019 pamoja na Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb. Ni maneno mazito na sitaki kuyapunguza. Lakini Kanisa hilohilo lilikuwa limeshasema mengi kabla yake. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, la mwaka 1965, Nostra Aetate, linasema Kanisa linawaangalia Waislamu kwa heshima na halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Humohumo linasema Kanisa lina wajibu wa kumtangaza Kristo aliye njia, kweli na uzima. Mwaka 2000 Roma ikatoa hati nyingine, Dominus Iesus, iliyokataa waziwazi wazo kwamba dini moja ni nzuri sawasawa na nyingine. Wala Sheikh wa Al-Azhar hakuondoka Abu Dhabi akiwa ameacha kuamini kwamba Muhammad ni mtume wa mwisho. Wazee wale wawili walikubaliana jinsi ya kuishi. Nani yuko kwenye haki mbele ya Mungu, hilo kila mmoja alirudi nalo kwao kama alivyokwenda nalo.

Nimewahi kuona makubaliano ya namna hiyo kwa karibu zaidi, kwenye harusi ya binamu yangu wilayani Masasi. Walioana kanisani, lakini mjomba alikuwa amemwita mwalimu wa madrasa tangu alfajiri aje kuchinja mbuzi, ili ndugu wa pwani tule. Mwalimu akapitisha kisu kwenye jiwe mara mbili tatu, ingawa kilikuwa kimeshanolewa, akamwelekeza mbuzi kibla. Mjomba alikuwa ameshika miguu ya nyuma, mikono ya shati lake la kanisani imekunjwa hadi viwikoni. Bismillahi, Allahu Akbar. Mchana, pilau ilipofika mkekani, mjomba akasali kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mwalimu akainamisha kichwa na kungoja amalize, kimya, bila kuitikia amina. Hakuna aliyenuna, na wote wawili wakanawa kwenye beseni moja. Mwalimu hakuitikia kwa sababu maneno yale hayaamini, na mjomba hakutegemea aitikie kwa sababu anamfahamu. Kila mmoja alijua mwenzake anakataa nini, akampa nafasi hiyohiyo.

Desturi ya kumwachia Mwislamu kisu haitokani na imani kwamba dini ni sawa. Inatokana na hesabu ya ndugu na majirani: yupi akichinja, wote watakula. Ndiyo maana ni dhaifu pale watu wanapoacha kuhesabiana hivyo. Februari 2013 huko Buseresere, Geita, ubishi wa nani achinje ulifikia mahali mchungaji akauawa. Kusini tusijione wema kwa asili. Kinachotubeba ni kwamba nyumba zetu zimechanganyika mno. Ukimtukana Mkristo kuna uwezekano mkubwa umemtukana mtoto wa shangazi yako. Hii ni kazi ya undugu, na undugu unahitaji kutunzwa kwa mambo yanayoonekana: kwenda msibani, kuchanga, kuchimba kaburi la mtu usiyeamini alichoamini.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili, kwa kuwa si zote nyepesi. Iliyo nzito kuliko zote ni ya kuzaliwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Karne tano baadaye, misafara ya Wayao iliyokwenda na kurudi pwani ikapeleka Uislamu bara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi, na kanisa likaota hapo. Wabenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906. Ukichora ramani ya dini ya mikoa yetu miwili, kwa sehemu kubwa unachora njia za misafara na vituo vya misheni. Mtoto aliyezaliwa kilomita chache upande huu angesoma juzuu, upande ule angesoma katekisimu. Je, Mungu mwenye haki ataweka wokovu kwenye bahati ya barabara? Swali hili linanisumbua, na sina dharau kwa anayeishia kusema basi dini zote ni sawa.

Hata hivyo halitufikishi huko. Jinsi mtu alivyopata imani haiamui kama imani hiyo ni kweli. Mtu anaweza kurithi kweli kama anavyoweza kurithi kosa. Kinachobomolewa na hoja hii ni kiburi. Hainipi ruhusa ya kujiona mwerevu kuliko mjomba kwa sababu tu mama yangu aliolewa Mikindani. Tena dini zenyewe zimelijibu kutoka ndani, bila kujifuta. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba wale ambao ujumbe wa Uislamu haukuwafikia, au uliwafikia ukiwa umeharibiwa, wana udhuru mbele ya Mungu. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba asiyeijua Injili pasipo kosa lake, naye akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kupata wokovu. Wote wawili wanamwachia Mungu hukumu ya watu huku wakishikilia kweli yao. Hapo ndipo nilipo mimi pia.

Hoja ya pili inasema dini zote zinafundisha mema: usiibe, usizini, mpe maskini. Sehemu kubwa ni kweli, na hapa Kusini tuna mfano wa jinsi wema wa wengine unavyotambuliwa. Jando lilikuwa la wazee kabla ya misikiti na makanisa kufika bara. Kwa Wayao, lupanda, jando lao la kale, iliachia nafasi yake jando lenye sura ya Kiislamu. Upande wa Masasi, padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, hakulipiga marufuku. Alikaa na mapadri wa Kiafrika, jando likaingizwa kanisani na sala zake, yale yanayopatana na imani yakabaki na yasiyopatana yakatolewa. Angalia walichofanya watu hawa. Walikuta jema nje ya dini yao, wakalikubali, na walilikubali kwa kulipima. Anayesema vyote ni sawa hana kipimo, kwa hiyo hana hata namna ya kusema hili jema na hili baya. Na hata kwenye maadili hatuafikiani kote: idadi ya wake, talaka, riba, pombe. Mtu ambaye ameacha mkopo wa riba akiwa na shida anastahili kuambiwa zaidi ya kwamba ni upendeleo wake tu.

Dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi mikutanoni, ni hoja kwamba anayeamini dini yake ndiyo ya kweli yuko njiani kushika panga. Sisi tunajua kwa nini inavuta watu. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Waliofanya hivyo walijiita watetezi wa Uislamu. Lakini tazama Mwislamu wa kawaida wa Kitaya, anayeswali swala tano na anayeamini pasipo shaka kwamba Uislamu ndio dini ya haki. Alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Imani hiyohiyo ya uhakika ndiyo inayomwambia kwamba hakuna kulazimisha katika dini, Al-Baqara aya ya 256. Ukitaka kumzuia kijana asivutwe na kundi lile, kumwambia kwamba dini zote ni sawa hakutafika popote; atakuona humjui Mungu wake na atakwenda kwa anayejidai kumjua. Anayeweza kumrudisha ni sheikh anayeamini kwa nguvu zote na anayemwonyesha, aya kwa aya, kwamba ameongopewa. Kulegeza imani ya sheikh huyo ni kuondoa kinga.

Kuna jambo lingine ambalo watetezi wa usawa hulikwepa, nalo ni neno “zote”. Kwenye futari zetu “zote” huwa na maana ya mbili. Yuko wapi bibi wa kijijini aliyemwaga unga kwenye shina la msolo, akiwaita wahenga kwa majina, mvua ilipochelewa? Sheikh na padri wanaosimama pamoja jukwaani wakasema dini zote ni sawa ndio haohao wanaomwambia aache tambiko. Wana haki ya kumwambia kama wanaamini hivyo, ila wasidai wakati huohuo kwamba hakuna njia iliyo bora kuliko nyingine. Na vipi kuhusu maji ya Kinjeketile? Mwaka 1905 watu walifundishwa kwamba dawa ile ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Ilikuwa imani ya kweli moyoni, iliwaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja, na ushujaa wao naulilia hadi leo. Lakini risasi hazikugeuka. Katika msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Mwenye kushikilia kwamba mafundisho yote yana uzito mmoja hana la kumwambia mama aliyekuwa akimnyima mtoto chakula pale msituni. Sisi tunaosema kuna kweli na kuna uongo katika dini tunalo.

Watu wengine wanachanganya hili na sheria, na hapo napaswa kuwa wazi kwa sababu ni rahisi kunielewa vibaya. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuamini dini atakayo, pamoja na uhuru wa kubadili dini, na kuziacha shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Mbele ya hakimu, mkuu wa wilaya na mwalimu mkuu, Mwislamu, Mkristo, mwenye tambiko na asiye na dini lazima wawe sawa kabisa, na nitasimama na yeyote anayedhulumiwa katika hilo. Lakini huo ni usawa wa watu. Serikali haina dini, na kwa kuwa haina, haina pia ujuzi wa kutangaza kwamba dini zinalingana. Kiongozi wa serikali anapolisema hilo jukwaani anafundisha akida, yaani itikadi ya dini, na akida anayoifundisha haipo msikitini wala kanisani.

Ipo pia hatari ya watawala kuzisoma dini kwa jicho la usalama peke yake. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea Lindi na pwani yote, ikiwahimiza Waislamu watubu na kushika ibada kwa kuwa mwisho umekaribia. Maofisa wa Kijerumani waliokuwa wametoka tu kwenye vita vya Majimaji waliona uasi, wakaanza kukamata watu. Hawakujiuliza watu waliofiwa na kuteswa na njaa walikuwa wanamwambia nini Mungu wao. Leo hakuna ukatili wa aina ile, ila tabia ya kuipima dini kwa utulivu wake tu ipo, na “dini zote ni sawa” ni kauli inayomfaa sana mwenye tabia hiyo. Dini isiyosema lolote tofauti haimsumbui mtu.

Kwa hiyo kwenye kamati za amani za mikoa yetu ningependa kuona kitu kigumu zaidi kuliko makofi. Sheikh apewe nafasi aeleze, mbele ya padri, kwa nini Waislamu hawakubali Utatu. Padri apewe nafasi aeleze, mbele ya sheikh, kwa nini Wakristo hawaukubali utume wa Muhammad. Waelezane kwa adabu, bila mihadhara ya kukejeliana ya barabarani, na watu waone kwamba baada ya hapo bado wanakunywa chai pamoja. Shuleni vilevile: vipindi vya dini viwafundishe watoto jirani anaamini nini hasa, kwa maneno ambayo jirani mwenyewe angeyakubali. Wanafunzi wasilazimishwe kuitikia sala moja iliyopunguzwa hadi isimguse yeyote. Kila mmoja asali kwa namna yake, na mwingine anyamaze kwa heshima kama mwalimu yule wa madrasa.

Mahali kauli hii inapoumiza watu walio hai ni kwenye ndoa. Kijana wa Mikindani na binti wa Ndanda hupendana wakiambiana kwamba dini zote ni sawa, na muda wote wa uchumba hakuna anayeuliza. Siku ya posa, upande mmoja unataka binti asilimu, upande wa pili unataka kijana abatizwe, na wale wazee waliokuwa wakipiga makofi kwenye futari ndio wa kwanza kukataa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawapa njia ya ndoa ya bomani bila yeyote kubadili dini, lakini sheria haiwezi kuwaamulia mtoto aende madrasa au kipaimara. Kwetu jambo hili ni zito mara mbili, kwa sababu kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao mtoto tangu zamani ni wa ukoo wa mama na mjomba ana sauti, wakati msikiti na kanisa vyote vinamtazama baba. Ndoa inafungwa juu ya swali lisiloulizwa, na swali hilo linarudi akizaliwa mtoto, au kwenye msiba, maiti imelazwa ndani na wajomba wanabishana uani azikwe na nani.

Washenga na wajomba waulize mapema. Mtoto atapewa jina la wapi, atafundishwa kusali wapi, nani atachinja nyumbani, mmoja akitangulia atazikwa kwa ibada gani. Majibu yatamkwe mbele ya pande zote mbili, na vijana wenyewe wawepo wakisikia. Wakikubaliana, ndoa yao ina nafasi nzuri, hata kila mmoja akiendelea kuamini kwamba mwenzake amekosea katika jambo kubwa kuliko yote. Wasipokubaliana, posa isimame hapo, kabla mahari haijapokewa na kabla hajazaliwa mtoto wa kuvutana naye.